Isaiah Kimeli na Mama wa Mkaratusi

Na Wacera Muchiri, karani wa mizani

Isaiah Kimeli amekitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na minne, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu. Kwenye barua ya kazi ni mpaka rangi. Wageni wanaokuja kutafuta picha na sanamu zake humwita msanii mkubwa, na vijana wengi wanaochonga leo kutoka Kericho hadi Bomet wamepita mikononi mwake. Sisi humwita Kimeli wa Polepole, kwa sababu bango la choo cha wageni lilimchukua miezi miwili. Lakini jamani, lilitoka zuri hata watu wakalipiga picha!

Alianza kuchonga shamba moja jirani lilipong'oa michai mizee. Alibeba visiki nyumbani kwa baiskeli, na mkewe, Chepngeno, alishapikia viwili kabla hajaelezwa.

Miaka saba iliyopita kiwanda kilimwomba sanamu ya mchunaji majani ya kuwekwa langoni. Akaleta mama mrembo anayetabasamu. Wakubwa wakapiga makofi. Wachunaji wa kituo chetu cha Sigowet wakacheka mpaka wakashika mbavu. Edinah Chepchirchir, aliyezeekea kazi hiyo, alimwambia wazi kwamba huyo mama hajawahi kuingia shambani: ameshika majani manne badala ya mawili na chipukizi, mizanini yangerudishwa, na vidole vyake ni laini kama vya karani. Hapo nikaficha vidole vyangu mfukoni, maana karani ni mimi.

Kimeli aliumia, tuseme ukweli. Kulikuwa na watu Nairobi waliokuwa tayari kuichukua sanamu hiyo vilevile ilivyo. Akakataa, akaipasua kwa shoka. Akachukua likizo yake yote, akachuna majani mstari mmoja na Edinah, mvua ikimnyeshea, mpaka mgongo ukamkatalia. Halafu akaanza upya na gogo la mkaratusi. Alisema hastaafu kabla wenye kazi hawajaikubali sanamu yake. Wakakataa sanamu mbili zaidi.

Jumatatu iliyopita aliifunua ya nne. Mama huyu hatabasamu. Amepinda mgongo kidogo, na kidole gumba kimepasuka. Wachunaji waliizunguka. Kimeli alijificha nyuma ya lori la majani. Edinah akasogea, akavishika vile vidole kimoja kimoja. Mvua ilikuwa imeanza. Akavua eproni yake ya plastiki, akaifungia sanamu kiunoni, akarudi shambani akilowa. Kimeli alilia mbele ya watu, na mimi pia, sioni haya.

Asante sana, Kimeli, kwa kutuangalia vizuri mpaka tukajiona. Nenda ukapumzike na Chepngeno. Tunakuombea afya, macho makali na miaka mingi ya amani. Ile eproni hatuitoi.