Amri Ambayo Mama Scolastika Alikataa Kuiandika

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu Mzee Stanslaus, viongozi wa dini, ndugu zangu wachimbaji mlioacha maduara yenu mchana huu, akina mama wa soko la Kharumwa, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Wazee wangu, shikamooni. Na kwa wale ambao Kiswahili kwao ni cha ofisini tu, nawasalimu kwa Kisukuma: mwadila!

Naitwa Donatus. Mimi ndiye niliyetengeneza mfumo wa kompyuta wa chama chetu cha wachangia damu. Leo tunamuaga katibu wetu, Mama Scolastika, na nimeombwa niseme machache. Mwenyekiti, naomba radhi mapema, kwa sababu nina jambo linalonichoma, na sitashuka hapa kabla sijalisema.

Mama huyu alikuwa mpiga chapa kwa miaka ishirini na sita. Nilipoleta mfumo, niliwafundisha wenzake kubonyeza vitufe, yeye akawa anaangalia kile kidirisha cheusi nilichokuwa naandikia mimi. Akaniuliza, "Donatus, na hicho cheusi ni cha nini?"

Nikamwambia, "Hapo unaiamuru programu kwa maandishi, Mama. Hakuna picha, hakuna kitufe. Ukikosea herufi moja, inakataa."

Akacheka. "Nimeandika maisha yangu yote na hakuna aliyetii. Nifundishe."

Nikamfundisha, nikidhani atachoka. Mfumo wetu umejengwa kwa Django, zana ya kutengenezea programu, na Django ina faili moja iitwayo manage.py ambayo ndiyo hupokea amri. Kila amri niliyomtajia aliiandika kwenye daftari la shule, na pembeni yake maelezo yake mwenyewe. Kwenye migrate, inayobadilisha mpangilio wa majedwali, aliandika: "Kuongeza chumba bila kuwatoa watu nje." Kwenye flush, inayofuta kumbukumbu zote, aliandika maneno matatu: "Muulize Mungu kwanza." Ni mwanafunzi gani niliyewahi kumfundisha aliyeelewa hivyo? Hakuna.

Sasa nisikilizeni. Novemba mwaka juzi, Jumanne saa nane mchana, duara liliporomoka, shimo likawafukia wachimbaji wawili. Edson tulimpoteza palepale, Mungu ampumzishe. Marwa alitolewa akiwa hai, paja limepasuka, na hospitali ikapiga simu kwa chama: inahitajika damu kundi O hasi, haraka. Ninyi mnajua jinsi kundi hilo lilivyo adimu.

Mama Scolastika akafungua mfumo. Haukufunguka. Ukurasa wote ulikuwa maandishi ya makosa.

Kosa lilikuwa la nani? Langu. Asubuhi ile, nikiwa Geita mjini, nilituma mabadiliko kwenye mfumo ili utunze tarehe ya mwisho ya kila mtu kuchangia, nikapanda bodaboda kwenda kwenye shughuli nyingine, nikasahau kuendesha amri ya kuyakamilisha. Aliponipigia, nilisikia nyuma yake ndugu wa Marwa wakilia, na nikachanganyikiwa. Nikamwambia, "Mama, andika flush. Tufute, turudishe nakala niliyohifadhi."

"Nakala ya lini?"

"Ya Machi."

"Na walioandikishwa toka Machi?"

"Mama, mtu anakufa! Andika!"

Ndugu zangu, mimi ndiye mtaalamu. Mimi ndiye mwalimu. Yeye akanijibu taratibu kabisa: "Flush inafuta majina, Donatus, haijengi chumba. Usinipigie kelele. Ngoja niiulize yenyewe."

Akaandika showmigrations, amri inayoorodhesha mabadiliko yote na kutia alama kwenye mabano ya yale yaliyokwisha kuendeshwa. Nikamsikia akisoma mstari kwa mstari, kama anayesoma majina ya waumini kanisani. Kisha akasema, "Wa mwisho huu mabano yake ni matupu. Hii ya tarehe haijaendeshwa." Akanakili kwanza hifadhidata nzima pembeni, na watu wakimfokea. Ndipo akaandika migrate. Likatokea neno OK, na mfumo ukafunguka.

Wenye O hasi walikuwa watatu. Wa kwanza simu ilikuwa imezimwa. Wa pili alikuwa amechangia wiki tatu nyuma, haruhusiwi kutoa tena mapema hivyo. Wa tatu ni Hosiana, muuza dagaa, yule pale mwenye kitambaa cha kijani. Aliacha meza yake wazi sokoni, akapimwa, akatoa damu. Hosiana, ulijiandikisha mwezi gani? Semeni naye: Agosti! Mama angenitii mimi, jina lako lisingekuwepo.

Marwa anatembea. Mnamuona.

Sasa lile linalonichoma. Baada ya pale hospitali ilileta barua ya pongezi kwa "mtaalamu aliyeurudisha mfumo." Ina jina langu. Niliipokea hapa hapa Kharumwa, mkanipigia makofi, na yeye alikuwa safu ya pili, akipiga makofi pia. Kazi mbili nimezipata kwa barua ile. Mwaka mzima na zaidi nimenyamaza.

Wiki iliyopita nikaenda kwake. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukusema?"

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Niseme nini? Nilitaka kijana wa watu aishi, akaishi. Wewe nilijua siku moja utachoka kuubeba mzigo huo."

Nimechoka, Mama. Mheshimiwa Diwani, barua hii hapa. Nimekata jina langu kwa wino, nimeandika: Scolastika. Naomba uipokee wewe mwenyewe umkabidhi, mbele ya watu wote walionipigia makofi yasiyo yangu.

Wabeja sana, Mama. Nanyi nyote, kwa kunivumilia hadi mwisho, asanteni. Sasa simameni, tumpe makofi yake.