Nyuma ya Uso Bati

Benchi letu la Nyamasaria liko nje ya duka la baiskeli, pale Wasike anapouza kahawa, na anayetaka ukweli wa jambo lolote duniani na aje hapo kabla birika halijakauka. Mwaka huo wa 1989 jambo lilikuwa katuni ya Obiero, mchoraji wa mabango tuliyemwita Brashi. Alikuwa amechora kurasa kumi za Uso Bati, askari wa kukodiwa mwenye kinyago cha bati, anayempigania yeyote anayemwajiri, na Radi, shujaa anayeruka angani kumwinda. Mhariri wa Nairobi aliyezingoja kurasa hizo alikuwa mjini na angeondoka jioni. Kisanduku cha mwisho bado kilikuwa na shimo jeupe: Radi amemvua yule jamaa kinyago, lakini sura hakuna. Brashi aliogopa kweli. Alikuwa amechoka kuandika "Nyama Choma" kwenye kuta za watu.

— Nisaidieni, jamani. Nimwekee sura ya nani?

Walter, aliyewahi kuwa tarishi wa korti na ndiyo maana tukamwita Jaji, hakungoja kahawa ipoe.

— Hiyo kesi imeisha. Chini ya bati ni Radi mwenyewe.

— Jaji, si Radi ndiye amemshika shingo? akauliza Brashi.

— Mapacha, bana! Mama moja, siku moja. Mmoja akapata mabawa, mwingine akapata bunduki.

Enos, dereva wa trekta za miwa kule Muhoroni, alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Mapacha ni ya zamani, omera. Hiyo mtu ni wengi. Wanavaa bati kwa shifti, kama sisi kiwandani. Ndio maana hachoki.

— Sasa Radi akimvua bati atapata nani? akauliza Brashi.

— Wa shifti ya mchana.

— Yawa! Mnakosea wote, akasema Wasike. Ndani hakuna mtu. Bati inatembea yenyewe.

— Bati tupu itapigana aje?

— Jaji, paa ya kanisa si iliruka mpaka mtoni? Nani alikuwa ndani?

Mimi nilisema ni mke wa Radi, na mpaka leo sijabadilisha.

Mwishoni mwa benchi aliketi Mama Selpha, mgeni, akingoja gari la Sondu. Aliomba zile kurasa, akazifunua zote bila haraka.

— Kijana wangu, kabla avae hii bati, kuna mtu ndani ya hizi kurasa alikuwa anamjua?

— Hapana, Mama. Anaingia akiwa ameshavaa.

— Sasa akivuliwa, nani atashtuka?

Jaji alitazama ndani ya kikombe chake. Enos aliomba kahawa nyingine, Wasike akainamisha birika, halikutoka tone. Brashi alijifunika uso kwa mikono na mimi nikamhurumia sana. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akafuta kona nzima, akachora mlango wa nyumba na kijana asiye na bati akiaga.

— Mama, gari yako bado?

— Bado.

— Basi kaa hivyo hivyo, uniangalie. Wewe ndiye mama yake Uso Bati.

Mama Selpha alikaza kitambaa chake kichwani, akaketi wima.

— Basi hapa nichore nikicheka, akasema. Nitalia ukurasa wa kumi.