Gramu Mbili Zinazofuata Sumaku

— Nilichukua gramu mbili, nakurudishia mbili na nusu. Na bado umeninunia!

Sonara alikuwa ameiweka mizani yake katikati ya benchi, mbele ya vikombe vya kahawa, kila mtu ajionee. Bi Darubini hakutazama uzito, alitazama rangi. Juzi aliutoa unga ule wa nikeli maabara ukiwa mweusi kama masizi. Leo una ukijani. Aliutengeneza mwenyewe, yeye aliyeanza kazi pale kwa kuosha chupa: chembe ndogo hivi kwamba ukizipanga elfu moja hazifiki unene wa unywele. Ukiutia kwenye maji yenye dawa, gesi ya haidrojeni inatoka kwa fujo, na unga wenyewe haupungui. Sonara aliuazima ajaribu moto wa gesi hiyo kuunganishia mikufu. Kesho saa nne unapimwa mbele ya wakubwa. Ukifaulu, Bi Darubini anapewa meza yake mwenyewe maabara. Ukishindwa, anarudi kuosha chupa.

— Huo umekunywa maji, alisema Spika, fundi wa redio.

— Nimeukausha!

— Basi ni vumbi la dhahabu, muuza kahawa akadakia huku akimimina. Umelala kwa sonara, utatokaje mikono mitupu?

— Jamani, Spika akainua kidole, vitu vidogo namna hiyo, gizani, vimebanana... Vimezaana!

Benchi zima likaangua kicheko. Bi Darubini hakucheka.

— Spika, una sumaku?

— Mimi nikose sumaku?

Akatoa mfukoni moja ya spika mbovu ya redio. Bi Darubini akaipitisha juu ya unga, karibu kabisa. Hakuna chembe iliyojitikisa.

— Juzi ungeirukia kama siafu. Sonara, uliukaushaje?

— Kwa moto, dada yangu. Niliona una uchafu wa dawa, nikaupiga moto mpaka ukawa mwekundu. Sisi kila kitu tunasafisha hivyo.

— Dhahabu inasafika. Nikeli inaungua. Hiyo nusu gramu unayojivunia ni hewa iliyoshikana nayo, na chembe zangu zimeganda mabonge.

— Lakini uzito...

— Sikukuazima uzito.

Mpita njia akasimama, akauliza kama kahawa ipo. Imekwisha, akaambiwa. Akachungulia mizani.

— Na huo mnaougombania, bado unafanya kazi?

Muuza kahawa akajifanya anasuuza birika.

— Sema bei, yaishe, Sonara akanong'ona.

— Pesa yako kaa nayo. Chumvi ya nikeli ninayo, dawa ninayo. Kuutengeneza upya ni saa sita za kukoroga bila kupumzika, na mikono yangu peke yake haitoshi. Sasa hivi ni saa mbili asubuhi.

— Leo nina bibi harusi anasubiri pete, dada...

— Gramu mbili. Zinazofuata sumaku. Weka kikombe chini, twende.