Gitaa la Mkono Mmoja na Nusu

Nawasalimu wote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake. Namshukuru Mungu aliyetupandisha ngazi za ukumbi huu. Sisi wa kiharusi tunajua ngazi ni nini. Naomba nizungumze nikiwa nimekaa. Na maneno yakivutika mnivumilie, ulimi nao uliguswa.

Nilikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Ubaruku. Asubuhi moja wakati wa mavuno, nimeinama nafunga mkanda wa mashine, mkono wa kushoto ukaachia spana. Nikauambia, okota. Haukuokota. Nilipozinduka nilikuwa hospitali huku Mbeya, upande wote wa kushoto umelala kama si wangu.

Nikaletwa Ilomba, hapa hapa mjini, kwa mdogo wangu wa kike, niwe karibu na mazoezi ya hospitali. Mke wangu akarudi Ubaruku, maana shamba halisubiri mgonjwa. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuwa mgonjwa mwema. Uji ukiletwa nageukia ukutani. Watu wa kanisani wakija najifanya nimelala. Kushikwa mkono kupelekwa chooni na dada uliyemlea mwenyewe... naona mnatikisa vichwa. Mnajua.

Sasa, mdogo wetu wa mwisho anafanya kazi nje ya nchi. Utotoni mimi na yeye tulitengeneza magitaa ya madebe, nyuzi ni waya za breki za baiskeli. Aliposikia hali yangu akatuma boksi. Kulifungua, gitaa limevunjika vipande vipande! Kumbe linauzwa hivyo, uliunganishe mwenyewe: ubao wa mbele wenye tundu, ubao wa nyuma, mbavu zilizopindwa tayari, shingo, nyuzi, na karatasi ya picha. Nikampigia simu kwa hasira.

"Unanitania?"

"Kaka, hakuna mashine iliyowahi kukushinda."

"Wakati ule nilikuwa na mikono miwili."

"Basi fanya kwa huo mmoja na nusu."

Boksi likakaa chini ya kitanda kipupwe chote. Mvua zilipoanza, kwa kuchoka kulala tu, nikalivuta. Nikaanza na msasa. Mama mmoja anayetufanyisha mazoezi pale hospitali aliona vumbi la mbao kwenye kucha zangu, akaniambia, "Mkono wa kushoto uweke juu ya msasa, wa kulia uusukume." Nikafanya hivyo. Nasugua, nachoka, nalala, naamka, nasugua. Kuna siku kazi yangu yote ilikuwa kufungua kifuniko cha gundi. Mnacheka? Chekeni, mimi siku hiyo sikucheka.

Vile vijiti vya kutia ubao nguvu kwa ndani nilivibandika, vikashika. Nikaanza kuringa. Kisha ikafika kubandika ubao wa nyuma kwenye mbavu, na pale ndipo panapotaka mikono. Unabana huku, unateleza kule, na gundi kwa baridi yetu hii haitaki kukauka. Nikabana kwa kiwiko, nikabana kwa kidevu. Ubao ukalia, paa! Ufa mrefu kama kiganja. Nikazoa kila kitu nikatupa kwenye kona.

Jioni ile ile mke wangu akaingia kutoka Ubaruku, kiroba cha mchele kichwani, kanga imelowa.

"Hii nini, baba?"

"Takataka."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakunipa pole. Akasema, "Mimi nimechoka. Nimepandikiza peke yangu, nimepalilia peke yangu. Kama umeamua kufa niambie, nijue nalima kwa ajili ya nani."

Akainuka, akaokota ule ubao, akaugeuzageuza.

"Nishike wapi?"

Nikageukia ukutani.

"Nakuuliza, nishike wapi?"

Ndugu zangu, tangu niugue nilikuwa sijamwomba mtu kitu. Walininyanyua, walinilisha, lakini kuomba sikuomba. Niliona nikiomba nitakuwa nimekubali kwamba mimi ndiye huyu. Mwishowe nikasema, "Shika hapa." Ulimi ukavuta, likatoka "sika hapa." Akashika.

Tukaupaka ufa gundi. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu, tukalizungushia gitaa lote, yeye anavuta, mimi nakandamiza. Nikalia. Yeye hakulia. Alisema tu, "Usidondoshee machozi kwenye gundi."

Aliporudi shamba, nikaendelea kuomba. Dada akashika shingo ya gitaa. Mzee wa kanisa aliyekuja kuniombea, nikamwambia, mzee, tangulia kunishikia mbavu hizi, sala itafuata. Akashika. Nyuzi nilizifunga kinyume, ili mkono wa kulia ubonyeze, huu wa kushoto ujikokote tu juu ya nyuzi. Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, na nilikuwa nimesahau mdomo huu unachekaje.

Sisemi nimepona. Jua halijawa kali nimeshachoka, na gitaa lile halikai kwenye sauti hata ulikaze vipi. Ila nakula mezani na wenzangu, na wageni wakija wananikuta macho.

Namshukuru mdogo wangu aliyekataa kunihurumia, dada yangu wa Ilomba, na yule mama wa mazoezi. Na mke wangu, aliyekaa pale nyuma akijifanya hanisikii: *ndaga fijo*, nasema kwa lugha ya kwenu, asante sana.

Wenzangu mnaougua, ombeni. Aibu yake ni fupi kuliko mnavyodhani. Nanyi mnaowauguza, mkichoka semeni mmechoka. Mimi pole za watu wote hazikuniinua. Kilichoniinua ni mtu aliyechoka kuliko mimi, akaniuliza ashike wapi.