Kivuli Ambacho Mzee Alute Hakukikata

Ifikapo tarehe 30 Juni 1984, Mzee Laurenti Alute atafunga chumba cha giza cha ofisi yetu ya habari hapa Singida, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Alianza mwaka 1962 akiwa utingo wa gari la sinema, kisha akapelekwa Dodoma kujifunza kusafisha picha. Tangu hapo kila picha iliyobandikwa kwenye ubao wetu wa sokoni imepita mikononi mwake, na mashati yake yana madoa ya dawa ya kutosha kuthibitisha hilo.

Nani asiyemkumbuka mgeni mkubwa kutoka wizarani, aliyesimama barazani akichomwa na jua kwa sababu Mzee alikataa kufungua mlango? Filamu ingeungua kwa mwanga. Picha ya kwanza kutoka ilikuwa ya mgeni mwenyewe, amependeza, na hasira zikamwisha.

Mkasi wake nao tunaujua. Mpiga picha akisimama jua likiwa mgongoni, kivuli chake hulala mbele ya watu anaowapiga. Kwa Mzee huo ni uchafu, na aliukata bila huruma. Aliyekatwa zaidi ni Stefano, mpiga picha wetu kijana wa Kinyangiri, aliyependa jua la jioni kuliko mshahara. Walibishana kila wiki, na kila wiki mkasi ulishinda.

Mwaka 1979 Stefano aliuawa vitani Uganda, kamera ikiwa shingoni. Tulimpenda, na bado inauma. Filamu yake ya mwisho ililetwa kwetu, Mzee akaisafisha peke yake.

Yalipoandaliwa maonyesho ya Saba Saba, wakubwa walitaka picha moja ya filamu hiyo, ya askari aliyekufa, ikuzwe na kuwekwa mbele, ili watu wajae. Mzee alikataa kwa sauti yake ile ya chini. Marehemu huonyeshwa kwanza kwao, alisema; haifai mama atoke Ihanja kuuza kuku, akutane na maiti ya mwanawe ubaoni. Picha ikakaa kabatini hadi ndugu walipopatikana, nao wakaomba isibandikwe. Ubaoni zilikwenda picha nyingine alizopiga Stefano.

Siku yenyewe alifika mama yake Stefano. Mzee alimwamkia shikamoo, akampisha. Mama alipita ubao mzima taratibu, akarudi mwanzo, akauliza mwanawe yuko wapi. Tulimwonyesha jina lililoandikwa chini ya picha, lakini mama hakujua kusoma. Sura ya Stefano hatukuwa nayo hata moja, maana mwenye kamera siku zote alikuwa yeye.

Mzee alikwenda ofisini, akaingia kwenye chumba chake cha giza. Alirudi na picha ambayo bado inadondosha maji: askari wanakula ugali, ile ile iliyokuwa ubaoni, ila sasa nzima, bila kukatwa. Mbele ya askari kulilala kivuli kirefu, viwiko nje, bega moja juu.

Mama alikigusa. "Huyu ndiye," alisema. "Bega hilo ni la baba yake."

Picha hiyo iko ukutani ofisini mpaka leo, na jina la Stefano limeandikwa juu ya kivuli chake.

Sasa Mzee anarudi Ihanja kwenye alizeti na mizinga yake ya nyuki, kwa Mama Klara, mkewe, aliyechoka kufua madoa. Jana Fabiano, mpiga picha wetu mpya, alitupiga picha ya kumuaga, jua likiwa mgongoni mwake. Mzee aliikagua, akauacha mkasi mezani.

Asante sana, Mzee wetu. Ukapumzike kwa afya na furaha, na siku ukitutembelea mlango utafunguliwa, hata filamu ikiungua.