Kaimenyi, Aliyetuweka Wote Kwenye Mabango ya Sinema

Mchungaji, wazazi, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau, hamjambo, mimi ni Mwenda, mpwa wa marehemu, nimepewa kusoma kwa sababu ukoo huu hauna sauti nyingine kama yangu, na najua wengine mnangoja tu kusikia kama filamu ya Gatwiri, bintiye, itaonyeshwa kesho, basi tulieni.

Mjomba Josphat Kaimenyi alizaliwa Kaaga tarehe 12 Machi 1964, akasoma hapo hapo, akaishia darasa la saba baada ya kumchora mwalimu mkuu, mchoro ukafanana naye kupita kiasi, kwa hivyo mimi kuacha shule msiniulize nilirithi wapi.

Mwaka 1986 alianza kuchora mabango ya ukumbi wa video hapa Meru, na kwa kuwa kaseti zilifika siku ya kuonyeshwa, alichora filamu ambazo hajaziona, akisimuliwa tu na mwenye ukumbi, sura akiziazima kwa watu wa soko la Gakoromone. Salesio, usiiname, wewe muuza kabeji, kwenye bango ulikuwa bingwa wa karate mji mzima, watu wakajaa, filamu ikaisha hujatokea, wakakufuata sokoni wakidai angalau teke moja!

Mwaka 1991 alimchora Mukami, fundi wa nguo wa Runyenjes, ameshika bastola, wala hakumwomba ruhusa, bango likatundikwa Embu mjini, babake, mzee wa kanisa, akaja na fimbo, "Kijana, binti yangu amemuua nani?" Mjomba akajibu, "Mimi, mzee," na tarehe 7 Disemba yeye na Mukami wakafunga ndoa, wakajaliwa Gatwiri na Mwendwa.

Printa zikaja, kazi ikakauka, lakini Gatwiri akatengeneza filamu, tena ya Kimeru, na babake akaapa bango lake halitatoka kwa mashine. Februari mwaka huu kiharusi kikamchukua mkono wa kulia, akachora kwa wa kushoto, akiwagombeza wauguzi kwamba wanamzibia mwanga, akalimaliza, na Jumapili tarehe 3 Agosti 2025 akatuacha.

Wazee walisema nyumba yenye msiba haifungui sinema, lakini jana Mama Gatwiri alisimama mbele yao akasema mume wake hakuchora bango likae chini ya kitanda, wakanyamaza, na mzee wa hapa akinyamaza amekubali, kwa hivyo limetundikwa asubuhi hii, filamu ni kesho saa nane, na viti vya mbele ni vya wazee wenyewe!

Asanteni madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wachoraji wa Meru na Embu. Mjomba, weka brashi chini, ulale salama, hakuna mteja anayekuharakisha.