Kiti cha Abiria Kina Mwenyewe
Wasifu wa marehemu Phineas Kitsao Changawa, 1958–2024

Marehemu Phineas Kitsao Changawa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Buni, Rabai, mtoto wa tano wa mzee Changawa Kitsao, mgema, na mama Kadzo. Wazee waliomfahamu utotoni walikumbuka jambo moja kuliko mengine: alikuwa na wivu na vitu vyake. Gari lake la waya, lililokuwa na magurudumu ya ndara kuukuu za buluu, halikusukumwa na mtoto mwingine. Siku moja kaka yake alilipotezea gurudumu, akakata jingine katika ndara nyekundu na kulitia. Phineas alilisukuma gari chini ya kitanda, akaliacha huko mpaka ndara ya buluu ilipopatikana.

"Si linakwenda?" kaka yake alimuuliza.

"Linakwenda. Lakini gurudumu hilo si lake."

Alisoma shule ya msingi papo hapo Rabai, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Baada ya mwaka mmoja wa kumsaidia baba yake, alijiunga na chuo cha ufundi mjini Mombasa, akahitimu umakanika wa magari mwishoni mwa 1976. Wenzake wa chuoni walimwita Bwana Kamili, kwa kuwa kila alichokifungua alikirudisha bila kubakiwa na skrubu mkononi.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika gereji ya fundi Abdulaziz, Changamwe. Mzee huyo alimfunza msemo aliokwenda nao maisha yake yote: "Kinachoingia si lazima kiwe chake." Mwaka 1983 alipata kazi katika hoteli moja ya Shanzu, kutunza mabasi ya wageni, na huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2018. Hakuwahi kuitwa ofisini kwa kosa. Aliitwa mara nyingi kwa kukawia, kwa sababu hakukubali basi litoke na spea ya kubahatisha.

Alifunga ndoa na Nyamvula tarehe 12 Desemba 1987, katika kanisa la Rabai ambako yeye aliimba sauti ya nne. Walikutana kwa sababu ya cherehani. Nyamvula alikuwa mshonaji, na cherehani chake kilikuwa kimekatika mkono. Mafundi wawili walitaka kukiunga kwa kuchomelea. Phineas aliwazuia, akazunguka Mombasa nzima, akarudi na mkono wa cherehani cha aina ileile na umri uleule. Nyamvula alipenda kusimulia kwamba hakumpenda kwa maneno. Alimpenda alipomwona akiupangusa mkono ule kwa kitambaa kabla ya kuufunga, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Walijenga Mishomoroni, Kisauni, wakajaliwa watoto wawili, Changawa na Cindy.

Kisha likaja gari.

Lilikuwa gari la Kimarekani, Mustang ya mwaka 1967, lenye boneti ndefu na injini ya silinda nane. Mgeni mmoja aliyeishi hotelini kwa miaka mingi alilitelekeza bandani alipohama nchi. Mwaka 1999 banda lilipobomolewa, alimwandikia Phineas kwamba alichukue yeye, kwani hakuna mwingine aliyewahi kuuliza hali yake. Lilivutwa kwa kamba kutoka Shanzu hadi Mishomoroni, likawekwa katika banda la uani. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu, na kuku waliwahi kutagia kwenye kiti cha nyuma.

Phineas aliazimia kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, si zaidi wala si pungufu. Vioo alivitafuta vyenye alama ya mwezi uleule gari lilipoundwa. Bolti alizitaka zenye nembo ileile kichwani. Usukani ulikuwa kushoto, na kila aliyemshauri auhamishie kulia alipewa kiti na chai, kisha akaonyeshwa njia. Alipogundua kwamba fundi wa rangi wa kiwandani aliacha michirizi chini ya buti, aliilinda michirizi ile. Mwenye kuisugua angekuwa amemkosea.

Nyamvula aliyatazama haya kutoka jikoni, ambako dirisha lililovunjika kioo lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mbao. Hakuwa mtu wa kuficha wivu wake. Mikono iliyozunguka Mombasa kwa ajili ya cherehani chake sasa ilizunguka dunia kwa ajili ya taa ya gari. Majirani walimchokoza. Jalila, aliyeuza mahamri ng'ambo ya njia, alimwamkia kila asubuhi kwa swali lilelile.

"Mama Changawa, mke mwenzio kaamkaje?"

"Kaamka na breki mpya. Mimi nimeamka na sufuria lilelile."

Aliwahi kumwomba mumewe amwachie ashone japo mazulia ya gari. Phineas alikataa kwa upole. "Mama Changawa, ya kiwandani yako njiani." Nyamvula akashona mto wa kuegemea garini. Mto ule ulipelekwa sebuleni.

Mwezi Agosti 2011 viti vilikuwa vimekwisha kuvikwa ngozi mpya iliyosubiriwa miaka mingi, na Phineas alikwenda Buni kwa matanga ya ami yake. Nyamvula aliingia bandani mchana, na sindano nene na uzi mwekundu aliotarizia vitambaa vya meza. Alishona ukingo wote wa kiti cha abiria, mshono uleule ambao majirani waliujua kuwa wake kabla hawajaambiwa. Hakuuficha. Alitaka mumewe akifungua mlango aone kwamba nyumba ile ilikuwa na mwanamke mmoja, na jina lake halikuwa Mustang.

Phineas alirudi, akaenda bandani kama kawaida yake kabla hajaingia nyumbani. Alikaa huko kitambo. Alipotoka, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, tayari kwa vita.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Utaufumua?"

"Mama Changawa, nimetoka Rabai na njaa."

Alikula, akalala. Nyamvula alilichukua jibu lile kuwa ndiyo. Akaapa kwamba hatakanyaga tena banda lile wala kupanda gari lile, na alikuwa mwanamke wa kutimiza kiapo.

Tangu siku hiyo kiti cha abiria kilifunikwa shuka jeupe. Gari lilipoanza kutembea, mwaka 2014, ikajulikana Kisauni yote kwamba Phineas hakuwa mchoyo wa kumpakia mtu, ila alimpakia nyuma. Jalila alifikishwa soko la Kongowea siku moja na unga wake, akarudi na habari.

"Kaniweka nyuma kama gunia la viazi. Namwambia, 'Shemeji, mbele si pako wazi?' Kaniambia, 'Kiti hicho kina mwenyewe.'"

"Mwenyewe nani?"

"Mie nijuaje? Muulize mumeo."

Nyamvula hakumuuliza. Alimwangalia. Aliangalia mashati yake, alisikiliza simu zake, alihesabu wanawake wa kwaya mmoja mmoja. Hakuona kitu, na kutokuona kulimchoma zaidi. Gari alikwisha kulizoea kama mke mwenza. Sasa alidhani mke mwenza naye alikuwa na mwenzake. Swali la nani mwenye kiti kile alilala nalo na kuamka nalo miaka kumi.

Mwaka 2016 palikuwa na maonyesho ya magari ya zamani Nyali. Phineas alimwomba mkewe wafuatane. "Njoo ukae mbele," alimwambia. Nyamvula alijibu kwamba hakai kwenye kiti cha watu. Phineas alicheka, akaenda peke yake. Alirudi wa pili. Wa kwanza alikuwa Mansur, mfanyabiashara wa spea wa Likoni, mwenye gari kama lake na rangi kama yake, aliyekuwa akivuka feri kila mwezi kuja kulitazama gari la Phineas kwa jicho la mtu mwenye njaa. Nyamvula alipouliza kilichomkosesha ushindi, Phineas alisema, "Kitu kidogo tu." Siku ile Nyamvula alifurahi kidogo, naye hakukana.

Mapema mwaka 2022 Phineas alianza kuvimba miguu. Ilibainika kwamba shinikizo la damu lilikuwa limeharibu figo zake. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Mombasa, naye aliyavumilia matibabu kwa utani, akiwaambia wauguzi kwamba hata mashine yao ilihitaji mpira wa kiwandani. Kila siku ya kliniki alimwambia mkewe, "Twende na gari letu. Changawa ataendesha, wewe ukae mbele."

"Mbele kuna mwenyewe," alijibu Nyamvula. "Mimi naita teksi."

"Haya, mama. Iite."

Hakueleza. Huenda aliamini kwamba mkewe alijua. Huenda pia alimngoja aingie bandani kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa: alijua kungoja kitu mpaka kifike. Alifariki Ijumaa tarehe 8 Novemba 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Nyamvula. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Mansur alifika matangani Jumapili. Alitoa rambirambi, akapewa kiti na kikombe cha chai, akakizungusha bila kunywa.

"Shemeji, Mola amrehemu ndugu yangu. Nisikufiche. Nimekuja kwa msiba, na nimekuja kwa gari."

"Macho yako yameshafika bandani kabla yako, Mansur."

"Wallahi sikatai. Nimelionea wivu gari lile tangu likiwa na kuku ndani."

"Lakini si ulimshinda? Kombe unalo."

"Usinitajie kombe! Nikilitazama naona uzi mwekundu tu. Waamuzi walikagua kila kitu, hawakupata kosa. Wakafunua kiti cha mbele. 'Mshono huu si wa kiwandani,' wakamwambia. Kawajibu, 'Ni wa mke wangu.' Wakamwambia, 'Ukitolewa, hakuna wa kukushinda.' Kasema, 'Basi nipeni ya pili.' Na mimi nimesimama hapo hapo, shemeji, napewa ushindi kama sadaka."

Nyamvula aliweka chini birika. "Uzi ule upo?"

"Kwani hujui?"

"Nilidhani aliufumua siku ileile."

"Aufumue! Mimi mwenyewe nilimletea uzi wa kiwandani, rangi yenyewe, unene wenyewe. Kanirudishia. Akaniambia, 'Mansur, kila kilichomo humu nimekitafuta mimi. Huu peke yake umenitafuta.'"

Mansur, ambaye hakujua alichokuwa amekisema, aliendelea. "Ukinipa mimi, nitaufumua taratibu, nikuletee uzi wako wote, hata uzi mmoja hautapotea."

"Basi hulipati."

"Shemeji!"

"Kunywa chai yako, Mansur. Inapoa."

Alipoondoka, Nyamvula aliingia bandani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2011. Aliliondoa shuka. Jua halikuwa limeugusa mshono ule. Ulikuwa mwekundu kama mchana alioushona kwa hasira. Cindy, aliyekuwa akimtafuta nyumba nzima, alimkuta ameketi kwenye kiti cha abiria, mikono mapajani.

"Mama, wafanya nini humu?"

"Nimekaa pangu."

Marehemu amemwacha mjane, Nyamvula, watoto wawili, Changawa na Cindy, wajukuu watatu, kaka yake mkubwa, yule wa ndara nyekundu, waimbaji wenzake wa sauti ya nne, na Mansur wa Likoni, mshindani na rafiki, ambaye wivu wake familia imeusamehe na kumwomba asiache kuja kulitazama gari. Gari haliuzwi.

Leo mwili wake ulipotoka Kisauni kuja Buni, gari lake lilifuata nyuma, Changawa akiwa kwenye usukani. Kiti cha mbele hakikuwa na shuka. Mwenyewe alikuwa amekaa.

Lala kwa amani, Baba Changawa. Umeacha kila kitu mahali pake.